Pointi zangu zimezamia wapi? Utatuzi wa matatizo ya pointi za sifa kwenye tovuti za maswali na majibu

Kijana alifika kibandani kwangu saa moja asubuhi, sijamaliza hata kupangusa vumbi kwenye printa. Shikamoo yenyewe aliisahau. "Fundi, wameniibia." Nikadhani laptopu, maana huku njia ya Ng'ong'ona, hapa Dodoma, wanafunzi wanapanga watatu wanne chumba kimoja na vitu huota miguu. Kumbe pointi, zile ambazo tovuti za maswali na majibu hukupa wenzako wakipenda ulichoandika. Jana usiku alikuwa na 151, ameamka na 30.

Kisa chake nitakirudia, kwa sababu ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote. Wazee wa hapa husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa ajili ya tembo aliyezama matopeni. Basi mimi kila juma napokea tembo wangu.

Tarakimu ninazotumia hapa ni za Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu za kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, pamoja na ndugu zake wa familia ya tovuti za Stack Exchange kama Super User na Ask Ubuntu. Tovuti nyingine zina hesabu zao, ila magonjwa yanafanana. Viwango navyo hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu fungua ukurasa wa msaada wa tovuti yako.

Kabla ya yote, fungua daftari

Ingia kwenye wasifu wako, nenda sehemu ya shughuli, kisha sehemu ya pointi. Utakuta kila siku imeandikwa kilichoingia, kilichotoka, kwa chapisho gani na kwa sababu gani. Ukurasa huo, ambao humu nauita daftari, haukupi jina la aliyepiga kura, usilitafute. Nusu ya kesi zangu zinaishia hapo. Mtu anayelalamikia pointi bila kufungua ukurasa huu ni kama anayegombana na mangi kuhusu deni wakati daftari la mkopo liko juu ya kaunta.

Bei za kawaida ni hizi:

- Swali au jibu lako likipata kura ya juu (mshale wa kusifia), unaingiza 10. Kwa maswali ilikuwa 5 hadi Novemba 2019, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosema 5 yamepitwa na wakati.
- Likipata kura ya chini (mshale wa kukosoa), unakatwa 2.
- Jibu lako likiwekewa tiki na aliyeuliza, yaani amelikubali, unapata 15, naye anapata 2.
- Wewe ukilipiga jibu la mwenzako kura ya chini, unakatwa 1. Swali ukilishusha hukatwi kitu.
- Hariri uliyopendekeza kwenye chapisho la mwenzako ikikubaliwa, 2.

Pointi hazishuki chini ya 1 hata ufanye nini.

Dalili ya kwanza: pointi zimepungua ghafla

Nazipanga sababu kuanzia ya kila siku hadi ile ya nadra.

*Zimepungua 2, au 1.* Hapo kuna kura ya chini. Ikiwa 2, mtu amelishusha chapisho lako. Ikiwa 1, mshushaji ni wewe. Wengi hawaamini hili la pili hadi niwaoneshe mstari wenyewe. Wanaotumia simu hugusa mshale kwa bahati mbaya wakati wanateremsha ukurasa. Ukigundua mapema, gusa tena uiondoe: una kama dakika 5. Zikipita, kura inafungwa hadi chapisho lihaririwe.

*Zimepungua 15.* Aliyeuliza ameondoa tiki na pengine ameihamishia kwa mwingine. Ni haki yake wakati wowote. Kabla hujanuna, soma jibu lililopewa. Mara nyingi limekuja baadaye na ni bora kuliko lako.

*Zimepungua makumi, na chapisho hulioni tena.* Limefutwa. Likifutwa, kura zake zinaondoka nalo, za juu na za chini. Swali likifutwa na majibu yote yaliyo chini yake yanaondoka, hata lako lililokuwa halina kosa. Kuna msamaha mmoja: chapisho likiwa lilishafikisha alama 3 au zaidi (kura za juu ukitoa za chini) na limekaa wazi siku 60 au zaidi, pointi zake hubaki kwako. Hakuna la kutengeneza hapa.

*Zimepungua nyingi kwa mpigo, na daftari linasema kura zimesahihishwa.* Hapa ndipo alipokuwa kijana wangu, kwa hiyo tukae kidogo.

Nilimwomba simu. Kioo kimepasuka kona moja, mstari wa ufa unapita juu ya tarakimu zenyewe, ikabidi niizungushe kwenye mwanga wa dirisha. Juzi alikuwa na 31, za halali kabisa. Usiku, wenzake wawili wa chumba wenye haki ya kupiga kura wakafungua wasifu wake na kupita jibu kwa jibu: majibu 6, kila mmoja akapiga 6. Kura 12, pointi 120. Jumla 151. Kwa kuwa alivuka 125, akapata haki ya kushusha wengine, na kijana hakulaza damu: akaenda kwenye jibu la mtu aliyewahi kubishana naye akalipiga kura ya chini. Ikakatwa 1. Asubuhi zile 120 zikaondolewa.

Chukua 31, jumlisha 120, toa 1, toa 120. Imebaki 30.

"Sawa, hizo 120 nimeelewa," akasema. "Lakini wamenichukulia na yangu moja."

Mfumo wa tovuti hizi hukagua kura kila siku ukitafuta mtu mmoja aliyemwagia kura mtu mmoja kwa muda mfupi. Ukaguzi huo hupita karibu na saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu, ndiyo maana wateja wa namna hii huja kabla ya chai. Kanuni zenyewe hazitangazwi, na hata ningezijua nisingekuandikia. Kukaa nyumba moja au kutumia waifai moja si kosa. Kosa ni kumpigia mtu kura kwa kuwa ni mtu wako badala ya kwamba jibu limekusaidia. Urafiki ukija na kura sita kwa dakika tatu, mashine inauona hata kama mko mikoa tofauti.

Tiba: hakuna dawa ya kunywa. Waambie wenzako waache, nawe usirudishe "fadhila". Kura zikifutwa mara moja, kwa kawaida mambo yanaishia hapo. Mkirudia, binadamu huanza kuangalia akaunti zenu zote, na kufungiwa kupo.

Inawezekana pia kufutiwa kura ambazo hukuziomba. Mgeni kaipenda kazi yako, kasoma majibu yako kumi na kuyapigia yote. Hujakosa kitu, ila pointi zinaondoka vilevile. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mwenye chuki akikushusha mfululizo, ukaguzi huohuo hukurudishia pointi. Ukiona kura tano za chini usiku mmoja, usianze vita. Lala.

*Daftari linasema mtumiaji ameondolewa.* Akaunti ya mtu aliyewahi kukupigia kura imefutwa na kura zake zimeondoka naye.

*Zimepungua 100 kamili.* Chapisho lako limeripotiwa na watu wa kutosha kuwa ni tangazo au tusi. Nimeiona kwa fundi mwenzangu aliyejibu swali kwa kuweka kiungo cha duka lake na namba ya simu. Alidhani anasaidia. Ukitaja bidhaa yako lazima useme ni yako, na jibu lijitegemee bila kiungo.

*Zimepungua 50 au zaidi na wewe ndiye uliyebonyeza.* Uliweka dau, yaani pointi zako mwenyewe ulizotoa kama zawadi kwa atakayejibu. Ruka hadi dalili ya sita.

Dalili ya pili: kura naziona, pointi hazipandi

Angalia kwanza kama kura iko kwenye jibu au kwenye maoni madogo yaliyo chini yake. Kura za maoni hazina pointi hata moja. Una maoni yenye kura 40? Hongera, lakini pointi ni sifuri.

Pili, tarakimu iliyo pembeni ya chapisho ni tofauti ya kura, haioneshi idadi yake. Jibu linaloonesha 1 linaweza kuwa na kura 3 za juu na 2 za chini: 30 kutoa 4, umepata 26. Linaloonesha 0 linaweza kuwa limekuingizia 8. Ukifika pointi 1000 utaweza kubofya tarakimu hiyo uone mgawanyo.

Tatu, rafiki aliyekuambia "nimekupigia" huenda ana pointi chache. Kwa utaratibu uliozoeleka, kura ya juu inahitaji pointi 15. Akibonyeza kabla ya hapo anashukuriwa kwa maoni yake na tarakimu haisogei.

Nne, umegonga dari. Kura haziwezi kukuingizia zaidi ya 200 kwa siku moja. Kura 23 za juu zingekuwa 230, utapewa 200. Tiki na dau haziguswi na dari hiyo, kwa hiyo ukipata na tiki moja siku hiyo unalala na 215. Siku yenyewe haianzi saa sita usiku yetu: inafuata saa ya dunia, na kwa Tanzania inageuka saa tisa usiku. Kura inayoingia saa nane usiku, wewe uko kwenye usingizi wa pono, bado inahesabiwa kwenye siku ya jana.

Yapo na madogo: tiki uliyojiwekea mwenyewe haina pointi, na chapisho lililogeuzwa kuwa mali ya jumuiya halimwingizii mtu yeyote.

Dalili ya tatu: nimekwama kwenye 1, siwezi kufanya lolote

Hii si hitilafu, ila naelewa inavyouma. Ukiwa na 1 unaweza kuuliza na kujibu. Kwa kawaida kupiga kura ya juu ni 15, kutoa maoni popote ni 50, kushusha ni 125. Kwenye chapisho lako mwenyewe unaruhusiwa kutoa maoni tangu mwanzo.

Kosa la kwanza la mgeni ni kuandika maoni kwenye kisanduku cha jibu: "Na mimi nina tatizo hilohilo, ulipata suluhisho?" Linafutwa, na huenda likashushwa kabla ya kufutwa. Usifanye.

Njia fupi niliyoona ikifanya kazi ni kuhariri. Tafuta swali lililoandikwa vibaya, msimbo (maandishi ya programu) umebanana, herufi zimekatika, ulisafishe kweli na si kuongeza koma. Kila pendekezo likikubaliwa ni 2. Hariri saba zinakufikisha 15. Njia nzuri zaidi ni kujibu kitu kidogo unachokijua kwa uhakika. Nilimwona dada mmoja anayefanya mahesabu ya chama cha wakulima wa zabibu, hajawahi kusomea kompyuta, akijibu swali la fomula ya jedwali kwa sababu jambo hilo analifanya kila mwisho wa mwezi. Kura tano na tiki. Akavuka 50 siku ileile.

Ukifikisha 200 kwenye tovuti moja ya familia hiyo na ukaunganisha akaunti, kila tovuti nyingine unayojiunga inakupa 100 za kuanzia. Kwa hiyo komaa sehemu moja kwanza.

Dalili ya nne: kila swali langu linashushwa

Anza na picha. Nina moja kwenye kumbukumbu: kichwa cha swali kilisema kwa Kiingereza kuwa msimbo haufanyi kazi, ni haraka. Chini yake picha ya skrini ya laptopu iliyopigwa kwa simu, dole gumba kwenye kona, pazia la maua likiakisi katikati ya ujumbe wa hitilafu wenyewe. Hakuna anayeweza kunakili msimbo kutoka kwenye picha akaujaribu. Kura tatu za chini kabla maji ya chai hayajachemka.

Tiba yake haihitaji ufundi. Nakili msimbo kama maandishi, upunguze hadi mistari michache inayoonesha tatizo, bandika ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, sema ulitarajia nini na umepata nini. Kichwa cha swali kitaje tatizo. Neno "haraka" liondoe: haraka ni yako, msomaji wa Brazil hana mtihani Jumatatu.

Kama hilo uko nalo vizuri, kagua lugha. Stack Overflow kuu ni ya Kiingereza. Ina matoleo ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani, la Kiswahili halipo, na swali la Kiswahili litafungwa hata likiwa zuri namna gani. Kiingereza kibovu kinachoeleweka hakina shida, wapo watakaokinyoosha. Salamu ndefu ndizo zinazokatwa. Sisi hatuwezi kuomba chumvi bila kuulizia watoto na mifugo, huko wanaiona ni kelele. Weka moyoni, nenda kwenye jambo.

Kagua na aina ya swali. "Lugha gani ya programu ni bora kujifunza?" kwa kawaida linafungwa kwa kuwa majibu yake ni mitazamo. Lililokwisha kujibiwa linaunganishwa na lile la zamani, na hiyo si adhabu: fungua kiungo, huenda jibu lako lipo pale tangu mwaka 2011.

Upande wa majibu, usibandike yaliyoandikwa na programu za akili bandia. Stack Overflow iliyapiga marufuku Desemba 2022, wiki ileile majibu ya namna hiyo yalipoanza kumiminika. Vijana wangu wawili walipoteza majibu yao yote hivyo.

Dalili ya tano: naambiwa siwezi kuuliza tena

Hapa pointi hazihusiki moja kwa moja, ndiyo maana watu huchanganyikiwa: ana pointi 90 na bado amezuiwa. Ni kizuizi cha mashine kinachoangalia historia ya maswali yako, pamoja na uliyoyafuta.

ACHA KUFUTA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kila mtu hukimbilia huko. Swali baya ulilolifuta bado linahesabiwa dhidi yako, na sasa hakuna anayeweza kulipigia kura ya juu. Fanya kinyume: rudi kwenye kila swali lililoshushwa, hata la miaka miwili iliyopita, liandike upya kama nilivyoeleza kwenye dalili ya nne. Kuhariri kunafungua tena kura za walioshusha, wanaweza kuzibadili. Wakati huohuo jibu maswali ya wengine.

USIFUNGUE AKAUNTI YA PILI ili kukwepa kizuizi. Kuwa na akaunti mbili peke yake si kosa, kukwepa kizuizi au kujipigia kura ndilo kosa, na linageuza ugonjwa wa kutibika kuwa msiba. Aliyejaribu yote na akashindwa huachiwa kuuliza swali moja kila baada ya miezi 6. Litumie kama risasi ya mwisho.

Dalili ya sita: nimeweka dau, pointi zimeondoka, jibu sijapata

Dau (kuanzia 50 hadi 500) linakatwa palepale unapoliweka na halirudi, jibu lije lisije. Linakaa siku 7, kisha una saa 24 za kumkabidhi mtu. Ukinyamaza, nusu inaweza kwenda yenyewe kwa jibu lenye kura nyingi lililoandikwa baada ya dau kuanza, likiwa na alama 2 au zaidi. Usiweke dau kwenye swali bovu. Litengeneze kwanza, mara nyingi utakuta dau halihitajiki.

Wakati wa kuacha kujitibu na kumwita mwenyewe

Daftari likionesha kitu ambacho hakimo humu, au kura zimefutwa mara ya pili na una hakika hujamwomba mtu, au akaunti imesimamishwa, acha kubonyeza. Usiandike swali la hadharani la kulalamika, litashushwa nalo.

Wasimamizi wa hizi tovuti ni watu wa kujitolea waliochaguliwa na jumuiya, na hawaoni nani alipiga kura gani. Wanafaa kwa matusi, wizi wa majibu na mtu anayekuandama: weka bendera (kitufe cha kuripoti) kwenye chapisho husika, eleza kwa sentensi mbili. Kwa mambo ya kura na akaunti andikia wafanyakazi kupitia kiungo cha mawasiliano kilicho chini ya ukurasa. Taja tarehe, idadi ya pointi, na maneno yaliyoandikwa kwenye daftari. Kama mnaishi wengi na mnatumia waifai moja, sema hivyo wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Na mtu akikudai pesa kwa WhatsApp akurudishie pointi, huyo ni tapeli, usimpe nywila.

Kijana alitaka niandike barua kuhusu ile pointi 1. Nikamwonesha mstari wake kwenye daftari, saa nne na dakika kumi usiku, kura ya chini aliyoipiga kwa mkono wake. Akacheka kidogo, akanilipa mia tano ya kuchapisha kazi yake ya darasa, akaondoka. Wiki mbili baadaye akarudi, safari hii na shikamoo. Mwenye lile jibu alikuwa amelifuta, na jibu ulilolishusha likifutwa unarudishiwa ile 1 uliyokatwa. Akanigeuzia simu, ufa juu ya tarakimu: 31.